Chai ya Siku Tatu

Mimi ndiye Ondiek wa redio. Kama unaishi Kampala na una masikio, umenisikia. Nilitoka Kisumu na Kiswahili changu tu, bosi wetu Okullo akanipa matangazo yote ya biashara, nami sikujua kipimo cha chumvi. Nilitangaza sabuni inayokurudisha nyuma miaka ishirini kwa povu moja. Lakini tangazo lililonipa jina ni la chupa ya chai iitwayo Jotojoto: mimina chai Jumatatu, Alhamisi ikuunguze ulimi!

Basi Jumatatu moja akaingia studio mama wa Kinubi, Kulusum, anayewauzia chai wapakiaji wa Port Bell. Jotojoto yake mpya alikuwa ameikumbatia. Alisema wanawake wenzake bandarini wanamcheka kwa kuniamini, sasa anataka kuwafunga midomo. Mumewe Yasiin, baharia wa meli inayobeba mabehewa ya treni, alikuwa anaondoka jioni hiyo kwenda Mwanza na kurudi Alhamisi. Angempa chupa imejaa chai, asiifungue mpaka arudi. Akaniuliza kama naweza kuapa kwamba itakuwa moto. Nikaapa, tena hewani.

Okullo nusura acheze. Siku tatu tulilitangaza jambo hilo kila saa, na Alhamisi bandari ikafurika. Wauza samaki wa Ggaba walikuja na visu vyao mkononi, na kutoka Nakivubo walikuja watu waliofunga maduka. Moyo ulinienda mbio kwa furaha na kwa hofu, maana Okullo alikuwa amenivuta kando na kuniambia kwamba chai ikiwa baridi niseme ni moto, na nikishindwa, kesho nisije kazini.

Meli ikafunga gati. Yasiin akashuka ameinyanyua chupa juu, vigelegele vikalipuka. Kulusum alikuwa amevaa nguo yake ya Idi. Wale wenzake waliokuwa wakimcheka walisimama mbele kabisa, na aliwatazama mmoja mmoja.

Nilifungua kifuniko mwenyewe. Haki ya Mungu, mvuke ulinipiga usoni! Niliruka, nikapayuka hewani kwamba ni moto, moto kabisa, siku ya tatu! Umati ukanguruma, Okullo akamkumbatia polisi asiyemjua. Kwa dakika moja niliyaamini matangazo yangu yote, hata la sabuni.

Nikammiminia Kulusum kikombe. Akaonja. Akaonja tena, kisha akamgeukia mumewe, nami nikaishusha maiki.

"Hii chai ni moto," alisema polepole, "lakini si yangu. Mimi naweka tangawizi. Hii iko na mchaichai."

Yasiin aliangalia viatu vyake. Katikati ya kelele zile ni mimi na Yasiin tu tuliomsikia Kulusum.

"Ile yako ilipoa usiku wa kwanza tu," alisema. "Nimemwaga kwa ziwa. Leo asubuhi nimepika ingine kwa jiko ya meli. Hawa watu wangecheka wewe, mama Sumayiya."

Kulusum hakumgombeza. Alimshika mkono, akaushikilia, kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe ulijua?"

Nilijua. Jotojoto ninayo nyumbani, na chai yangu ya asubuhi haifiki saa sita ikiwa moto. Niliona aibu iliyonishika mpaka shingoni. Mwanamume huyu alidanganya ili mkewe asichekwe. Mimi nilidanganya ili nisikike. Nyuma ya umati Okullo alikuwa ananionyesha dole gumba, anacheka kwa meno yote.

Nikainua maiki.

"Wasikilizaji," nilisema, "chai ya mama ilipoa usiku wa kwanza. Hii imepikwa leo melini na mume anayempenda mkewe. Aliyewadanganya ni mimi."

Dole gumba la Okullo likashuka. Kisha mmoja wa wale wanawake wa mbele akaanza kupiga vigelegele, akimwelekea Yasiin, na wengine wakafuata mpaka gati ikatetemeka. Nilijua kesho sina kazi, na bado moyo wangu uliruka kuliko wakati wa mvuke.

Kulusum akanivuta shati, akasogeza mdomo karibu na sikio langu.

"Na ile sabuni?" aliuliza. "Nimeoga nayo miezi minne."

Maiki ilikuwa bado hewani.

"Hata ile, mama," nikasema.