Nukta Tatu za Fundi

Kama kuna kitu Kipanga alikuwa na hakika nacho maishani, ni ile namba ishirini na nane. Tangu aingie timu ya taifa akiwa na miaka kumi na tisa, nyuzi za raketi zake zilivutwa kwa uzito wa paundi ishirini na nane, si ishirini na saba na nusu. Nyuzi zilizokaza hivyo, ukizigonga kwa kucha, hulia juu na kukata. Na wanaoujua mchezo wa vinyoya watakwambia kwamba hazimbebi mtu. Zinakupa shabaha, lakini nguvu utoe mwenyewe begani. Ndiyo maana alijivunia namba hiyo kama wengine wanavyojivunia watoto waliofaulu mtihani.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na mbili, umri ambao katika mchezo huu wenzako wakianza kukuamkia hawakutanii. Nafasi ya mwanamke mmoja kwenda mashindano ya dunia ilikuwa hiyohiyo moja, na waliobaki kuigombea walikuwa wawili: yeye, na msichana wa miaka ishirini waliyemwita Mashoto kwa sababu alichezea mkono wa kushoto. Wangekutana Jumamosi. Atakayeshinda anakwenda duniani. Atakayeshindwa, kama ni wa umri wa Kipanga, anakwenda nyumbani moja kwa moja.

Balaa lilianza Jumanne mazoezini, tena kwa jambo dogo. Mashoto aliweka raketi yake kwenye benchi, kando ya ile ya Kipanga, na Kipanga kwa mazoea tu akazigonga zote mbili. Ya Mashoto ikalia juu. Yake ikalia chini, mlio mzito wa ndoo ya plastiki.

"Wewe unafungia ngapi?" akauliza.

"Ishirini na sita, dada," Mashoto akajibu huku akikaza kamba za viatu. Kisha akainua uso. "Na bega lako linaendeleaje?"

"Bega langu lina nini?"

"Hapana, nimeuliza tu."

Nimeuliza tu. Mtu haulizi tu, siku nne kabla ya mechi. Bega lilimuuma miaka miwili nyuma, akapumzika wiki sita, akarudi, mambo yakaisha. Hayo aliyajua yeye na daktari, na kaka yake, ambaye ndiye kocha wake, na mama yao. Huyu mtoto kayatoa wapi? Halafu ishirini na sita inaliaje juu kuliko ishirini na nane? Kipanga akaigeuza raketi. Shingoni, juu kidogo ya mpini, palikuwa na kikaratasi cha fundi kama siku zote: 28, kwa kalamu nyeusi, mwandiko ulionyooka. Baada ya namba, nukta tatu ndogo.

Nukta zenyewe alishaziona mara mia. Siku hiyo ndipo alipozitazama.

Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alipiga magoti mbele ya kabati akatoa raketi zake za zamani, zilizopasuka na zilizopinda, kwa maana hakuwa mtu wa kutupa kitu kilichomshindia mechi. Akazipanga kitandani kwa miaka. Zile za kabla ya bega kuuma zilikuwa na 28 kavu, bila nukta. Zilizofuata zilikuwa na nukta moja. Za mwaka jana mbili. Za mwaka huu, zote, tatu. Akakaa pembeni ya kitanda akizikodolea macho. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakusema kwa kukosa kazi.

Kesho yake akamwendea fundi. Fundi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa raketi, na chumba chake kilikuwa nyuma ya ukumbi wa mazoezi: mashine moja ya kuvutia nyuzi, roli za nyuzi ukutani, stuli mbili. Kwa miaka kumi na tatu hakuna mkono mwingine uliofunga raketi za Kipanga. Mlango ulikuwa wazi nusu, na ndani alisikia sauti ya kaka yake ikisema, "...mpaka Jumamosi tu ipite." Alipoingia wakanyamaza. Wote wawili, kwa mpigo.

"Umelala vizuri?" kaka yake akauliza.

Lini kaka yake aliwahi kumuuliza kama kalala vizuri? Huyu ni mtu ambaye salamu yake ya asubuhi ni "kimbia mizunguko kumi".

"Nimelala," akasema. "Fundi, hizi nukta ni za nini?"

Fundi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Alama zangu za kazi tu, mwanangu."

"Za kazi gani?"

"Za kazi," akarudia fundi, na akamtazama kocha. Akamtazama kocha! Kama ni wewe ungefikiri nini?

Kipanga alifikiri hivi. Fundi huyuhuyu ndiye anayemfungia Mashoto. Kaka yake naye, tangu mwanzo wa mwaka, anamfundisha Mashoto kila Jumatatu, eti kwa ajili ya taifa. Kocha aliyebakiwa na mchezaji wa miaka thelathini na mbili, akapata wa miaka ishirini, anahitaji ushauri wa nani? Walikuwa wanamlegezea nyuzi kidogokidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka shabaha imwishe, kisha waseme umri umemtupa mkono. Ndugu wa tumbo moja. Kipanga alipokuwa mdogo, huyu ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka barabara kwenda mazoezini, na sasa anamchimbia shimo. Roho ilimuuma hadi akashindwa kula.

Hakumwambia mtu. Alhamisi alibeba raketi zake zote nne akavuka mji hadi duka la vifaa vya michezo ambako hakuna aliyemjua. Mama mwenye duka akabandika kidude kidogo juu ya nyuzi, akasubiri, akasoma.

"Ishirini na mbili."

"Zimefungwa Jumatatu kwa ishirini na nane."

"Nyuzi hulegea, dada, lakini si paundi sita kwa siku tatu." Mama yule akamtazama kwa huruma ambayo Kipanga hakuiomba. "Huyu aliyekufungia, mna ugomvi?"

"Ndiyo nataka kujua. Nifungie zote nne. Ishirini na nane."

"Una uhakika? Ishirini na nane inataka bega."

"Ninalo," Kipanga akasema.

Vikaratasi vya fundi akaviacha palepale, nukta na kila kitu, ili wale wawili wasishtuke. Ijumaa ilikuwa siku ya kupumzisha mkono kwa amri ya kocha, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitii amri bila kubisha. Tena kwa furaha. Alizigonga raketi zake moja moja sebuleni, zikalia juu, na akajiona mjanja kuliko nyumba nzima.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wakati wa kupasha misuli, vinyoya vyake vya kwanza vilikufa katikati ya uwanja. Akalaumu feni za ukumbi. Akalaumu vinyoya, akasema vizito, vibadilishwe, vikabadilishwa. Kaka yake, kwenye kiti cha kocha, alikuwa amekunja uso. Kunja tu, Kipanga akasema moyoni, leo mtanikoma.

Seti ya kwanza haikuchukua robo saa. Kila alipoinua kinyoya kukipeleka mstari wa nyuma kilifika nusu ya safari, kikashuka mbele ya Mashoto, na Mashoto akakipasua. Pointi ya kumi bega lilikuwa linawaka moto. Pointi ya kumi na tano alishindwa kuuinua mkono kufuta jasho, akafutia jasho begani pa kushoto. Ishirini na moja kwa tisa. Miaka kumi na tatu hakuwahi kufungwa vile na mtu wa nchi yake.

Mapumziko ni dakika mbili. Kaka yake alikuja na chupa ya maji, lakini hakumpa. Aliichukua raketi, akaigonga kwa kucha, na uso wake ukabadilika rangi.

"Nani kafunga hii?"

"Kumbe unaogopa," Kipanga akasema. "Mmenifungia ishirini na mbili mkaniandikia ishirini na nane. Nimepima. Mnadhani mimi mjinga?"

Kaka yake hakubishana. Aligeuka akampungia mkono fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni kwenye njia ya chumba chake, na mzee akaja mbio, jambo ambalo Kipanga hakuwahi kuliona.

"Mwambie nukta ni nini," kaka akasema.

Fundi aliinamisha kichwa. "Kila nukta ni paundi mbili nilizopunguza. Kuandika namba ya uongo peke yake mkono wangu ulikataa, ndiyo nikaweka nukta kando yake. Nyuzi zikilegea, mwanangu, zinarusha zenyewe. Zinakusaidia."

"Kunisaidia nini?"

"Bega halikupona," kaka yake akasema. Alisema harakaharaka, kwa kuwa refa alikuwa ameshatazama saa. "Daktari aliniambia halitarudi. Ningekuambia, ungeacha mchezo siku ileile, ninakujua. Tukashusha paundi mbili, ukashinda. Likazidi, tukashusha nyingine, ukashinda tena. Mara zote hizo umeshinda."

"Na Mashoto alijuaje?"

"Mashoto ana macho. Kila mtu ana macho."

"Na mama?"

"Mama ndiye aliyesema usiambiwe."

Kipanga alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa na hasira nao, hasira ya haki kabisa, kwa sababu miaka miwili nyumba nzima ilimfanya mtoto. Na chini ya hasira hiyo palikuwa na aibu, kwa sababu alijua kaka yake hakukosea hata neno moja: angeacha. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye maradhi yake walimfichia wengine, na aliyejiumbua mbele ya ukumbi ni yeye mwenyewe, kwa ujanja wake wa kuvuka mji.

"Nipe moja," fundi akasema, amenyoosha mkono. "Nikate nifunge upya. Nikikimbiza mashine, dakika ishirini. Niambie, ngapi?"

Namba aliijua. Ilikuwa pale juu ya ulimi, na haikutaka kutoka. Refa akaita wachezaji.

"Ishirini na mbili," Kipanga akasema.

Mzee akaondoka na raketi.

Kazi sasa ilikuwa moja: dakika ishirini. Kipanga hakurusha kinyoya nyuma tena. Alicheza karibu na wavu, mguso na mguso, akimlazimisha Mashoto kuinama na kurudi, kuinama na kurudi. Kila baada ya pointi alifunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Aliomba jasho lifutwe sakafuni mahali ambapo hapakuwa na jasho. Refa akamwonya mara moja, watu wakacheka, naye akainama kwa adabu na kwenda kujifuta kwa taulo. Saba kwa saba. Kumi na tatu kwa kumi na mbili. Hakuwahi kucheza kwa akili namna ile, na hata katikati ya maumivu alijua hivyo, akafurahi. Kila alipopata nafasi aliiba jicho kutazama mlango. Mlango ulikuwa mtupu.

Kumi na tisa kwa kumi na tisa. Ishirini kwa ishirini. Mashoto akapata ishirini na moja kwa kinyoya kilichogusa wavu kikaangukia upande wa Kipanga, akainua mkono kuomba radhi. Kisha Mashoto, ambaye hakuwa mjinga, akakiinua kinyoya juu sana, juu kabisa, kikashuka kwenye mstari wa nyuma wa Kipanga. Karibu na wavu hapakuwa tena na la kufanya. Kipanga akarudi nyuma, akauinua mkono, akapiga kwa bega lote alilobakiwa nalo. Kinyoya kikapanda, kikachoka, kikashuka katikati ya uwanja. Mashoto hakuhitaji hata kuruka.

Makofi yalipoanza, fundi alikuwa ndiyo kwanza anatokea mlangoni, anahema, raketi mkononi. Aliona ubao wa pointi akasimama palepale.

Mashoto alipita chini ya wavu badala ya kumpa mkono juu yake kama wafanyavyo wengine. "Pole, dada," akasema, na machozi yalikuwa yake, si ya Kipanga.

"Nenda ukacheze vizuri," Kipanga akamwambia. "Na mtu akikuambia ukweli juu ya mwili wako, usimnunie."

Watu walipokwisha kutoka, alimwendea fundi akaichukua raketi. Kikaratasi kilikuwa kipya, wino haujakauka. Kilikuwa kimeandikwa 22. Hapakuwa na nukta. Aliigonga, ikalia chini, mlio mzito uleule uliomtia wasiwasi siku ya Jumanne.

"Simama kule," akamwambia kaka yake.

Kaka yake akaenda mstari wa nyuma wa upande wa pili, akasimama. Kipanga akajirushia kinyoya mwenyewe, akapiga. Hakutumia nguvu, hakuwa nazo. Kinyoya kikapita juu ya wavu, kikapita katikati ya uwanja pale kilipokuwa kikifia asubuhi yote, kikaendelea, kikashuka juu ya mstari, mbele ya viatu vya kaka yake.

"Kimeingia," kaka yake akasema kwa sauti ndogo, na hakuna aliyekwenda kukiokota.