Fulu wa Mama Beldina

"Mama, nimekupikia mbuta."

"Mbuta ana mafuta kama sabuni."

"Basi kuna samaki mwingine, ngege."

"Ngege wa barafu? Huyo alikufa lini?"

"Omena je? Dagaa wadogo tu."

Mama Beldina akageukia ukuta. "Ungepata fulu, mwanangu, labda ningeonja."

Dorca akafunika sahani na kuondoka kwenda shuleni. Ulikuwa mwaka wa 1988, na fulu wa kununua hawakuwapo. Kila aliyekulia ufukweni mwa Ziwa Victoria aliwakumbuka: visamaki vya ukubwa wa kidole gumba, vyenye miiba mingi, vikaushwavyo juani kisha vikachemshwa na nyanya hadi mchuzi ukashika mwiko. Mbuta, lile jisamaki lililoletwa ziwani kutoka mbali, alikuwa amewamaliza. Wachuuzi wa soko la Kibuye walimcheka Dorca waziwazi. "Mwalimu, unatafuta fulu? Muulize mbuta, wamo tumboni mwake!"

Mama yake alikuwa ameletwa kwake Kisumu kutoka Asembo kutibiwa kifua. Sindano hospitalini kila asubuhi, miezi miwili mizima, na muuguzi alishaonya kwamba dawa zile hazipatani na tumbo tupu. Dorca alikuwa mwalimu wa sayansi ya nyumbani, tena mwenye diploma. Wasichana arobaini walikuwa wamejifunza kwake jinsi ya kupanga mlo wa mgonjwa. Mgonjwa wake mwenyewe hakufungua mdomo.

Alijaribu uji wa wimbi. Alijaribu ndizi za kuponda na maziwa. Siku moja alimtengenezea saladi kama alivyofundishwa chuoni, kabichi na karoti zimekatwa nyembamba kama uzi, mayonezi juu. Mama aliitazama kwa muda mrefu.

"Sungura wako yuko wapi?" akauliza.

Kila jioni Dorca alirudi akakuta sahani mezani jinsi alivyoiacha, ugali umekauka pembeni. "Nilikula na wagonjwa wenzangu," Mama alisema. Ajabu ni kwamba muuguzi alimpima akasema ameongezeka kilo moja. Dorca aliilaumu mizani.

Alilijua sharti la mama mkwe, bila shaka. Mama hali mbele ya mume wa binti yake. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa, Mama Beldina alikuwa amefika Kisumu mara tatu, akakaa kwenye ncha ya kiti, akaondoka bila kugusa hata maji. Lakini safari hii mumewe Oduor mwenyewe alikuwa amelimaliza jambo hilo, au Dorca alidhani hivyo. Mchana alikula kazini, jioni alikula chumbani mlango umefungwa, na akipita sebuleni alipita kama mwizi. Sharti lingetaka nini zaidi? Ndipo Dorca akaanza kutamani kitu ambacho hakuwahi kukitaja kwa mtu: kumwona mama yake akimega tonge kwenye sahani aliyoipika yeye, akalitafuna, akasema neno. Hata kama ni neno baya.

Ijumaa, mwalimu mwenzake alimwambia kwamba kuna mwanamke Dunga ambaye bado huvua fulu kwenye mafunjo, mahali mbuta asipofika. Dorca hakungoja kengele ya mwisho. Aliomba ruhusa, akaenda, akambembeleza mwanamke yule hadi akampa alichokuwa amewawekea wajukuu wake: fulu wakavu, viganja viwili, wamefungwa katika gazeti. Njia nzima alikuwa akinusa lile gazeti. Lilinuka jiko la nyumbani, siku za mvua, watoto watano wakizunguka chungu kimoja.

Saa saba alifika nyumbani kwake Kaloleni. Nyumba ilikuwa tupu. Sahani ya asubuhi ilikuwa mezani, imefunikwa. Kisha akasikia kicheko nyuma ya ua, kicheko alichokuwa hajakisikia tangu baba yake afe.

Alikifuata hadi uani kwa jirani yake Zeituni.

Mama Beldina alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha. Mbele yake palikuwa na ugali, omena wa kukaanga, na bakuli la kachumbari: vitunguu vilivyofikichwa kwa chumvi na kuoshwa hadi ukali ukatoka, nyanya, dania, ndimu. Alikuwa akilamba vidole.

Zeituni ndiye aliyemwona kwanza. "Yallah. Mwalimu, leo umetoka mapema."

"Siku ngapi?" Dorca aliuliza.

Zeituni akamgeukia Mama Beldina.

"Mama, nimeuliza siku ngapi."

"Tangu wiki ya kwanza," Mama akasema. "Usimgombeze huyu. Nilibisha hodi mwenyewe."

"Omena wangu unawakataa, wa jirani unalamba na vidole?"

"Omena wako wamepikwa kwenye moto wa mkwe wangu, chini ya paa la mkwe wangu. Afunge milango yote, paa ni lake. Mimi ni maro wake, mama mkwe, Dorca. Nitamezaje pale?"

"Si ungesema!"

"Niseme nini? Mtu amenipa kitanda, ananilipia basi la hospitali, halafu niseme chakula chake hakipiti?" Akafuta vidole kwa kitambaa. "Nikaona bora niombe kisichokuwapo. Hivyo hujakosa wewe, wala yeye. Ziwa ndilo lililokosa."

Dorca akafungua gazeti, akaliweka juu ya mkeka.

Mama Beldina aliwatazama wale fulu. Akamchukua mmoja, akampitisha puani, akamrudisha polepole mahali pake. Machozi yakamlengalenga.

"Umewatoa wapi?"

"Dunga."

"Mtoto wewe," akasema. "Ulikwenda kweli."

Zeituni akainuka na kukung'uta kanga. "Jiko langu bado lina makaa, na mume wangu hana mkwe hapa. Mwalimu, nyanya ziko kwenye kapu. Uoshe mikono kwanza, unanuka chaki."

Dorca aliloweka fulu, akawachambua, akakata nyanya vipande visivyolingana, yeye aliyewafundisha wengine kushika kisu. Nyuma yake mama yake alitoa amri bila kuulizwa. Usiwakoroge, watavunjika. Punguza moto. Sasa funika. Miaka thelathini ilirudi nyuma pale uani, na Dorca akatamani mchuzi ule usiive upesi.

Aliuweka mkekani. Mama akamega tonge, akachovya, akatafuna, akatoa mwiba mmoja midomoni na kuuweka kando.

"Chumvi imezidi," akasema.

Akamega jingine.

Dorca alikaa kando yake, mikono mapajani, hakula. Zilibaki wiki tano za sindano. Kesho angehamishia sufuria zake huku, na fulu wasingekuwapo tena. Ingekuwa omena na kachumbari ya Zeituni. Baada ya hapo Mama angerudi Asembo.

"Mbona hunyooshi mkono?" Mama akauliza. "Ama wewe nawe una mkwe hapa?"

Dorca akanyoosha mkono.