Nati Iliyokazwa kwa Vidole

Kwa siku nne gari la Mwalimu Esekon, Probox nyeupe, lilikuwa likikata roho polepole. Kwanza taa nyekundu yenye picha ya betri iliwaka kwenye dashibodi ikakataa kuzima. Kisha honi ikaanza kulia kama mwanambuzi aliyeachwa na mamaye. Siku ya tatu gari likafa katikati ya mji wa Lodwar, na wanafunzi wake wakalisukuma hadi nyumbani kwake Napetet, wakicheka njia nzima.

Esekon alifundisha fizikia, na mwalimu wa fizikia hapendi kumwita fundi kwa jambo la umeme. Aliichaji betri kwa umeme wa nyumbani, akaliwasha gari, akatoa mita yake ya kupimia, akagusisha nyaya zake kwenye betri injini ikinguruma, akasoma volti kumi na moja na nukta tisa.

"Injini ikiwaka inafaa ipande hadi kumi na nne," alimwambia mkewe, Akidor. "Betri haina makosa. Hailishwi tu. Altaneta inayoichaji ndiyo imekufa."

Akaukagua mkanda unaoizungusha, akaukuta mzima. Basi akampigia muuzaji wa vipuri Kitale, na altaneta iliyokwisha kutumika ikapanda basi, ikafika Ijumaa jioni imefungwa ndani ya gunia.

Jumamosi alfajiri alikuwa tayari ameinama chini ya bonneti. Haraka ilikuwepo. Mama mkwe wake, Apua, alikuwa amekaa kwao wiki tatu akitibiwa macho, na sasa alitaka kurudi kwake Kakuma, hataki kusikia habari ya kesho. Akidor ndiye angemwendesha, pamoja na Akal, mtoto wao wa miezi minane. Esekon angebaki na mrundo wa mitihani ya kusahihisha.

Alichomoa waya wa hasi kwenye betri. Akalegeza mkanda, akafungua ile nati inayoshika waya mnene wa kupeleka umeme kwenye betri, akatoa bolti mbili, akainyanyua altaneta ya zamani kama mtu anayetoa figo. Ile ya Kitale iliingia mahali pake bila ubishi. Akaurudisha waya mnene, akaizungusha nati kwa vidole mpaka ikagoma, akanyoosha mkono akachukua spana namba kumi na mbili.

"Baba Akal!" Akidor aliita kutoka jikoni. "Hebu nishikie mtoto, uji unamwagika!"

Akaenda. Akamshika mtoto, akamchezesha, mpaka uji ukapoa. Aliporudi nje alikaza bolti, akavuta mkanda, akarudisha waya wa betri, akawasha gari. Mita ikasema kumi na nne na nukta mbili. Esekon akainua mikono kama mtu aliyefunga bao.

"Ejok, vyema," alisema Apua kutoka kivulini, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. "Kumbe haya masomo yana kazi."

Saa tatu na nusu Akidor, Apua na mtoto wakaondoka.

Esekon alikusanya vifaa vyake kwa raha, akipiga mluzi. Spana alizipanga kwenye mfuko wake wa turubai, kila moja katika mfuko wake mdogo: nane, kumi, kumi na nne, kumi na saba. Mfuko wa namba kumi na mbili ulikuwa mtupu. Alitafuta chini, akatafuta kwenye mchanga, akatafuta ndani ya gunia. Hakuna. Akaingia jikoni kunywa maji, na hapo akaiona, juu ya meza, kando ya sufuria ya uji, inang'aa.

Alisimama akiitazama.

Mwanzoni hakuelewa kwa nini moyo wake ulikuwa unakwenda mbio. Kisha mikono yake ikakumbuka kabla ya kichwa. Alikuwa ameingia na spana hiyo mkononi alipoitwa. Aliiweka hapo ili amchukue mtoto. Bolti zote mbili zilikuwa za namba kumi na nne. Ni nati moja tu iliyohitaji kumi na mbili, na nati hiyo aliiacha imekazwa kwa vidole.

Aliichukua spana, akaifumbata mkononi.

Nati ya vidole inatosha gari likiwa limesimama uani. Lakini barabarani injini inatetemeka. Nati italegea. Waya utacheza, utatoa cheche, utapata moto. Aliwafundisha kidato cha tatu jambo hilo kila mwaka kwa chaki. Na waya ule haungoji injini iwake. Umeunganishwa na betri moja kwa moja, usiku na mchana. Fyuzi kubwa iliyopaswa kuulinda, aliyelimiliki gari kabla yao alikwisha kuiondoa na kuweka kipande cha waya mahali pake, na Esekon alikuwa akisema kwa miezi sita kwamba ataibadilisha.

Halafu akaukumbuka mlango wa nyuma wa kushoto. Haufunguki kwa ndani. Ndipo mahali alipoketi Apua.

Alimpigia Akidor simu. "Samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Akapiga tena. Akapiga mara sita, na kila mara sauti ile ya upole ilimwambia neno lilelile, mpaka akataka kuitupa simu ukutani.

Jirani yake, Lokiru, alikuwa akiosha pikipiki yake ya boda mbele ya lango.

"Lokiru, nipeleke barabara ya Kakuma. Sasa hivi."

"Mwalimu, si ungoje nimalize kuosha hii..."

"Watu wangu wataungua!"

Lokiru alimtazama usoni, akamwaga maji ya ndoo chini, akawasha pikipiki bila kuuliza tena.

Walipita mji, wakavuka daraja, wakaingia kwenye tambarare ile isiyo na mwisho. Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Upepo ulikuwa wa moto, ukiwapiga usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Esekon aliogopa pikipiki tangu ujana wake, lakini siku hiyo hakuikumbuka hofu hiyo; alikuwa na kubwa zaidi. Aliyakaza macho yake mbele, juu ya bega la Lokiru, akitafuta moshi.

Akauona. Uzi mwembamba, mweusi, upande wa kulia wa barabara.

"Kule! Kule!"

"Hao ni wa makaa, mwalimu," Lokiru alipiga kelele dhidi ya upepo. "Kila siku wanachoma hapo."

Walipopita, Esekon aliona kweli rundo la udongo likifuka moshi na mwanamke amekaa kando yake. Hakupata nafuu. Aliendelea kutafuta moshi mwingine.

Mbele kidogo ngamia walikuwa wanavuka, wapole, mmoja baada ya mwingine, kama waliokodiwa kumchelewesha. Lokiru alisimama. Esekon alihesabu sekunde kwa sauti bila kujua kwamba anahesabu. Alijaribu kuomba, akaanza Baba Yetu, akafika "utupe leo," akasahau kinachofuata, yeye aliyekuwa mzee wa kanisa. Akaanza upya. Akasahau palepale.

Lori lilikuwa linakuja kutoka Kakuma. Lokiru alipunga mkono, dereva akapunguza mwendo na kutoa kichwa dirishani.

"Umeona Probox nyeupe? Mama na mtoto?" Lokiru aliuliza.

"Nimeona Probox moja imesimama baada ya laga kubwa, ule mto mkavu. Bonneti iko juu."

"Na watu?" Esekon aliuliza. "Watu umeona?"

Dereva alisita. "Watu sijaona, ndugu yangu. Nimeona gari tu."

Kilomita zile zilizobaki Esekon hakuzikumbuka kamwe baadaye. Alikumbuka tu kwamba meno yake yalikuwa yanagongana katika joto lile, na kwamba alikuwa ameishika spana mkononi safari nzima, hata vidole vikafa ganzi.

Gari lilikuwa limeegeshwa vibaya, tairi mbili juu ya lami na mbili kwenye changarawe, ng'ambo ya mto mkavu. Bonneti ilikuwa wazi na rangi yake upande mmoja imegeuka kahawia. Harufu ya plastiki iliyoungua ilimfikia kabla hajashuka. Mchanga ulikuwa umemwagwa juu ya injini, mwingi, kwa mikono. Waya mnene ulikuwa umebaki shaba tupu, na nati haikuwepo. Mtu alikuwa amechomoa waya wa betri na kuupinda kando.

Milango ilikuwa wazi yote. Ndani hapakuwa na mtu.

"Akidor!" aliita. Sauti yake ilikwenda tambarare ile yote isirudi.

Chini ya mlango wa nyuma wa kushoto, kwenye changarawe, shanga zilikuwa zimemwagika, nyekundu na za manjano, mamia kwa mamia, zile ambazo Apua hakuzivua shingoni hata akilala. Kati ya shanga palikuwa na matone ya damu, yamekwisha kukauka. Esekon alipiga magoti, akaanza kuziokota, moja moja. Hakujua kwa nini anafanya hivyo. Lokiru alimshika kwapa.

"Mwalimu, acha hizo. Kuna mtu anakuja."

Alikuwa msichana mchungaji, ameacha mbuzi wake na kuja mbio. Alizungumza Kiturkana, akielekeza fimbo upande wa Kakuma. Mwanamke alitoka na mtoto, alisema. Moto ulikuwa chini ya bonneti. Nyanya alikuwa nyuma akipiga kioo, mwanamke akamzungukia akamfungulia, na nyanya akaanguka. Pikapu ikaja, ikawachukua.

"Nyanya alikuwa anatembea?" Esekon aliuliza.

"Alibebwa," alisema msichana.

Wakaendelea hadi Kakuma, wakiulizia ile pikapu.

Aliwakuta kwenye baraza ya zahanati. Akidor alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, Akal amelala kifuani pake. Masizi yalikuwa yamemchora shavu. Apua alikaa kwenye benchi, mkono wa kushoto umefungwa bendeji na banzi hadi kwenye kiwiko, shingo yake tupu, ndogo, kama ya mtu ambaye Esekon hamfahamu. Kando yao alisimama mwanamume mrefu sana mwenye alama kwenye paji la uso, shati lake limeungua mkononi.

Esekon alimgusa mtoto kwanza. Akamgusa kichwa, tumbo, miguu yote miwili. Akal akafumbua macho, akakasirika, akalala tena. Esekon akakaa chini palepale.

"Huyu ni Makur," alisema Akidor. "Anauza unga kule kambini kwa wakimbizi. Ndiye aliyekuja na pikapu, akachomoa waya kwa koleo, akazima kwa mchanga."

"Maleish, maleish," alisema Makur, kwa Kiswahili chake cha kambini. "Pole sana, mwalimu. Mungu iko. Hii gari ilikuwa inataka kulipuka. Hawa watu wa spea, wanauzia watu kitu mbaya."

"Yule wa Kitale!" Akidor alisema, na sauti yake ikapanda. "Nimempigia tangu nipate mtandao. Nimemwambia ni mwizi, muuaji, nimemwambia utampeleka polisi. Alikuwa analia kwenye simu akiapa kwamba ilikuwa nzima."

Esekon aliangalia chini. Hofu aliyodhani imekwisha ilisimama tena mbele yake, na hii ilikuwa ya aina nyingine. Njia ilikuwa wazi. Hakuna aliyejua. Nati ilikuwa imepotelea katika mchanga kilomita nyingi nyuma, na wote walikwisha kumpata mkosaji. Angeitikia kwa kichwa tu, basi.

"Altaneta ilikuwa nzima," alisema. "Ni mimi. Kuna nati sikukaza na spana. Nilikaza kwa vidole, nikasahau."

Makur aligeuka akatazama barabarani. Lokiru akajifanya anajibu simu.

"Ulisahau vipi?" Akidor aliuliza polepole.

"Nilikuwa karibu kuikaza, ukaniita nishike mtoto, halafu..."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka, na akaona uso wa mkewe ukifungwa kama duka.

"Hapana," alisema haraka. "Sisemi hivyo. Mimi ndiye nilisahau. Mimi."

Akidor alimpanga mtoto upya kifuani, akageuza uso. Ndipo Apua akaingilia.

"Mkono utapona," alisema. "Nimewahi kuvunjika vibaya kuliko hivi. Lakini mpigie yule mtu wa Kitale. Binti yangu amemwita muuaji."

Esekon alipiga hapohapo, mbele ya wote. Muuzaji alimsikiliza hadi mwisho, akasema tu, "Sawa, mwalimu. Mshukuru Mungu," na kukata.

Jumapili Esekon na Makur walilirudia gari barabarani na waya mpya, fyuzi mpya na nati mpya. Altaneta ya Kitale ilikuwa imepona. Ni waya tu ulioteketea. Esekon alikaza nati, akaomba spana tena, akakaza, mpaka Makur akamshika mkono akisema ataivunja.

Akidor hakutaka kupanda gari lile. Alirudi Lodwar na mtoto kwa basi, na Esekon hakumbembeleza. Aliendesha peke yake, madirisha yote wazi licha ya vumbi, na kila baada ya kilomita kumi alisimama, akafungua bonneti, akaigusa nati. Ilikuwa ngumu kila mara. Kila mara alifika kwenye kituo kinachofuata akiwa hana hakika tena.

Safari ya saa mbili ilimchukua saa tano. Alipofika nyumbani taa ya jikoni ilikuwa inawaka na mlango haukuwa umefungwa kwa komeo. Chakula chake kilikuwa mezani, kimefunikwa kwa sahani. Chumbani Akidor alikuwa amelala upande wa ukuta, macho wazi gizani, mtoto kati yake na nafasi ya Esekon.

"Umefika," alisema.

"Nimefika."

Esekon alikwenda akala, chakula kikiwa bado kina uvuguvugu.