Kulegeza Nyuzi

Kanisani kwetu Garissa, kabla sijafika na gitaa langu, wimbo ulianzishwa na Mama Buya. Alikuwa Mpokomo wa huko chini mtoni, mpishi mstaafu wa shule, na benchi lake lilikuwa la mbele kabisa, karibu na dirisha. Hakuna aliyempa sauti. Mchungaji akimaliza kuomba, yeye alifungua mdomo tu, na kanisa zima likamfuata.

Mimi ni mwalimu wa hisabati kutoka Kitui na sipendi mambo ya kukadiria. Kila Jumapili, askari wa langoni akishapekua mkoba wa gitaa, niliketi chini ya mwarobaini na simu yangu yenye programu ya kupima sauti, nikikaza uzi mmoja mmoja mpaka taa ya kijani iwake kwenye kioo. Joto la huku halina huruma kwa nyuzi, kwa hiyo kazi hiyo ilinipa jasho na majivuno kwa pamoja. Halafu Mama Buya anaanzisha wimbo, na sauti yake inatua mahali ambapo gitaa langu halina kitu: chini kidogo ya noti ya G, lakini haifiki F-sharp. Nikipiga huku, nakwaruza. Nikipiga kule, nakwaruza vilevile. Wanakwaya walikuwa wakinitazama, nami nikaona aibu.

Dawa niliijua tangu siku ya kwanza. Ningelegeza nyuzi zote sita, robo ya mzunguko tu wa kila kigingi, tungekutana. Ni kazi ya dakika mbili. Lakini nimfuate mimi, wakati taa ya kijani iko upande wangu?

Jumapili ya Pasaka nikausimamisha wimbo katikati.

"Mama," nikasema, na kipaza sauti kilikuwa wazi, "uko nje ya gitaa. Ngoja nikupe sauti kwanza."

Mama Buya akacheka kidogo, akarekebisha leso mabegani. "Nisamehe, Mwalimu. Sisi tulizoea ngoma."

Nikampa G. Akajaribu, sauti ikamkwama kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake. Akajaribu tena, kisha akaketi. Jumapili iliyofuata alikuwa benchi la nyuma, akipiga makofi.

Hakuninunia, na hilo ndilo lililoniwezesha kujidanganya. Aliendelea kuniletea ndizi kutoka shambani kwa nduguye na kuniuliza habari za wanangu. Nafasi yake ikachukuliwa na Hawayu, msichana wa kwaya mwenye sikio zuri. Nikawaelekeza wote waweke ile programu kwenye simu: unabonyeza, inatoa G, mnaanza. Tukasifiwa. Wageni kutoka Nairobi walisema tunaimba kama watu wa redioni.

Aliyeuliza ni Shamis peke yake, Msomali mwenye duka linalotazamana na lango letu.

"Mwalimu, ile mama ya kuimba iko wabi?"

"Yupo, dada. Siku hizi anakaa nyuma."

"Zamani nikisikia yeye najua saa tatu imefika, nafungua duka. Sasa nasikia gitaa tu. Mimi nachelewa, wallahi."

Nikacheka, nikanunua maji, nikaenda zangu. Lakini maneno yake hayakunitoka. Mara mbili nilishika vigingi nikitaka kulegeza nyuzi, nimwendee Mama Buya kwenye benchi lake nimwombe aanzishe wimbo. Mara mbili nikasema, Jumapili ijayo.

Mwezi wa Novemba aliugua siku tatu, akafariki. Mwili ulipitishwa kanisani asubuhi, kabla ya safari ya kwenda kuzikwa kwao.

Siku hiyo sikuwasha simu. Nilikaa chini ya mwarobaini, nikauimba moyoni wimbo alioupenda, jinsi alivyouanzisha yeye, nikalegeza nyuzi mpaka nikamfikia. Sikubahatisha. Sikio langu lilikuwa nayo sauti ile miezi yote hiyo, na kujua hivyo kuliniuma sana. Nikapanga moyoni kwamba waimbaji waanze bila gitaa, kama zamani, kisha mimi niingie. Angalau leo wimbo wake ungekaa mahali pake. Haikunijia hata kidogo kuwaambia wanakwaya.

Mchungaji akamaliza kuomba. Hawayu akabonyeza simu, G ikatoka, na kwaya nzima ikaingia juu yake sawasawa, vile nilivyowafundisha.

Nikapiga nyuzi. Zikakwaruza, zikasikika hadi nje. Nikapiga tena. Buya, mwanawe, akainua kichwa karibu na jeneza, akanitazama.

Hawayu akanisogelea, akaninong'oneza kwa heshima, "Mwalimu, uko nje."

Nikaziba nyuzi kwa kiganja, nikaliegemeza gitaa ukutani. Nikaenda kuketi benchi la nyuma, nikapiga makofi.