Ngano Aliyokataa Kuing'oa

Mwanaisha Mhina alipanda ngano ya majaribio shambani kwake Bungu, mistari arobaini, kila mstari na aina yake. Ukungu ulipokaa wiki mbili, ugonjwa wa kutu ukaingia. Ukipita kati ya mistari, nguo inatoka na vumbi la rangi ya chungwa.

Valentino, bwana shamba wa mradi uliompa mbegu hizo, alipanda mlima kwa pikipiki kutoka Korogwe.

"Shikamoo, mama. Pole. Ng'oa yote, uchome. Wenzako wameshang'oa."

"Marahaba. Yote sing'oi. Njoo uone."

Akatangulia mpaka ukingo wa juu wa shamba. Mashina tisa yalikuwa ya kijani kibichi, yaliyoyazunguka yamekauka.

Valentino akatikisa kichwa. "Hayo yamebahatika. Yako penye upepo, umande haukai. Hiyo ni sifa ya mahali, si ya mbegu. Watoto wake wataugua tu."

"Huenda. Lakini ukiyachoma, utajuaje?"

Bwana shamba akakasirika. "Usipotii, mradi haukupi mbegu tena."

"Msinipe. Za kwangu ninazo."

Yaliyougua aliyang'oa na kuyachoma mwenyewe, yasije yakaambukiza mashamba ya majirani. Yale tisa aliyavuna moja moja, kila shina na bahasha yake. Msimu uliofuata akapanda mbegu za kila shina mara mbili: juu penye upepo, na bondeni ambako umande hukaa hadi saa nne asubuhi.

"Bondeni unaipeleka ikafe!" jirani yake Husna alimcheka.

"Ya kufa ife sasa, nijue."

Ikafa kweli. Bondeni, uzao wa mashina sita ulishika kutu. Mwanaisha alikaa chini akalia, maana Valentino hakuwa amekosea sana. Kisha akafuta uso, akahesabu upya. Uzao wa mashina matatu ulikuwa safi, juu na bondeni.

Valentino aliposikia alikuja, akapita mstari kwa mstari akigeuza majani.

"Mama, naomba mbegu hizi nizipeleke kituo cha utafiti."

"Nusu. Nusu inabaki kwangu. Na uandike nani amezichagua. Andika hapa, nikiona."

Akaandika, daftari ameliegemeza kwenye tangi la pikipiki. Mwanaisha akalichukua, akasoma taratibu, akamrudishia.

"Mhina ina h. Rekebisha."