Mnavu wa Mzee Gidamis

Mnavu ulichemka kwenye jiko la bwalo tangu asubuhi mpaka wafanyakazi wakaanza kuchungulia dirishani na sahani mkononi, na haukuiva. Kornelia aliuosha vizuri, akautia chumvi na samli kidogo, akaongeza kuni. Majani yakabaki yamesimama wima ndani ya maji yanayotokota, kama watu wanaomngoja mwenye ofisi.

Kornelia alikuwa mpishi wa shamba la ngano la serikali, huko tambarare za Hanang. Kwao ni milimani Mbulu, kwa watu wa jembe, na mboga ilikuwa haijawahi kumtia aibu. Miaka ya nyuma hakuhangaika nayo: lori lilileta kabichi zilizonyauka na nyama ya kopo, watu wakala, wakanyamaza. Kisha meneja, Bwana Basili, akaenda hospitali ya Haydom na tumbo lake. Daktari akamwambia ale mboga za hapo hapo, za msimu, zilizochumwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo Kornelia akawa anatoka na kikapu umande haujakauka, anainama katikati ya mabua ya ngano ya mwaka jana, anatafuta chochote mvua ilichootesha.

"Huna hata miezi miwili duniani," aliuambia mnavu ule, "na kiburi kama cha mzee."

Perpetua, mwosha vyombo, akasema kama ni mzee basi aamkiwe, huenda amenuna. Alikuwa anatania. Lakini njaa ya watu ilikuwa imefika mlangoni, kwa hiyo Kornelia akainama juu ya sufuria akasema shikamoo.

"Marahaba," sufuria ikajibu, kwa sauti nzito ya mtu mwenye ugoro puani. Mnavu ukalala, ukaiva kabla hajashika mwiko.

Watu walikula, wakasifu. Kilichomchanganya Kornelia hakikuwa kujibiwa. Kilikuwa umri. Mama wa watoto wanne anaiamkiaje mboga aliyoitangulia kuzaliwa? Akajaribu mchicha wa kule mtoni: ukaiva bila salamu, kama mchicha mwenye adabu. Akajaribu mnavu wa upande wa barabara: nao kimya. Uliodai heshima ni ule wa mahali pamoja tu, kwenye kona ambapo trekta lilipopita liliinama upande kidogo, kisha likanyooka.

Jibu lililetwa na Gidahosh, mfugaji aliyekuja nyuma ya jiko kuuza maziwa. Siku hizo alipita pembeni pembeni, maana ng'ombe wakikanyaga ngano wanakamatwa. Alisikia Kornelia akiamkia sufuria, akasikia sufuria ikiitikia, akaweka kibuyu chini taratibu.

"Huyo ni baba," alisema.

Akaeleza. Baba yake, mzee Gidamis, alizikwa kwa heshima, ukoo mzima ukamjengea tuta refu juu ya kaburi. Trekta likalisawazisha kama kichuguu. Ikaja ngano, kote kukafanana, na tangu hapo Gidahosh anatafuta mahali pa kummwagia baba yake pombe ya asali anayostahili.

Kornelia akamuuliza mzee alijifunzia wapi Kiswahili.

"Hakujua. Ni neno hilo moja tu. Alimjibu nalo kila mtu, hata mtoza kodi aliyemchukulia fahali."

Matrekta yalikuwa yaingie Jumatatu kuandaa shamba kwa mbegu. Gidahosh alitaka kitu kimoja: yaizunguke ile kona, kama mtu anavyoizunguka nyumba ya watu. Kornelia akampeleka kwa meneja saa ya chakula, na bakuli la mnavu mkononi ili mhusika naye awepo.

Bwana Basili hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho. Alilelewa kwa adabu, kwa hiyo akavua miwani, akaliinamia bakuli akaliamkia. Bakuli likasema marahaba. Akavaa miwani, akavuta ugali karibu.

"Umesikia mwenyewe. Mzee hana kinyongo. Mwenye kinyongo haitikii salamu."

"Bwana Meneja, kuitikia si kukubali," alisema Kornelia.

"Basi angesema neno lingine."

"Hana lingine," alisema Gidahosh.

Meneja, ili asionekane hana utu, akatoa agizo kwamba trekta lisipite pale bila kuamkia.

Jumatatu dereva Tadei alifika kwenye kona, akazima injini, akavua kofia, akasema, "Shikamoo mzee." Ardhi ikaitikia. Tadei akavaa kofia, akashusha plau. Aliporudi akaamkia tena, na safari hii marahaba ikatoka sehemu mbili. Mzunguko uliofuata ikatoka huku na kule, vipande vipande, mpaka Tadei akachanganyikiwa ageuzie uso wapi ili asimkosee mzee adabu. Akaamua kuamkia mbele yake tu na kuendelea.

Trekta lilipokwenda upande wa pili, Gidahosh akaingia shambani na kibuyu cha pombe ya asali. Akamwomba Kornelia amwonyeshe mahali. Kornelia akaamkia. Akajibiwa miguuni pake, akajibiwa mbele kwenye matuta, akajibiwa nyuma karibu na barabara.

"Hapa," alisema. Halafu, "Hapana, pale." Halafu akashusha mkono, kwa sababu hakujua tena.

Gidahosh akaenda akimwaga kidogo hapa, kidogo pale, mpaka kibuyu kikawa chepesi na sehemu kubwa ya baba yake haijapata tone.

Mlinzi wa shamba akaja mbio kumtoa, maana pale ni mali ya serikali. Lakini Gidahosh alimzidi umri sana, na mlinzi alikuwa na wazazi, kwa hiyo akasimama kwanza, akainamisha kichwa, akasema shikamoo.

Gidahosh alifunga mdomo. Hakutaka kuitikia.

"Marahaba," likasema shamba lote. Mlinzi akaridhika, akamwonyesha njia ya kutokea.