Mkojo wa Chemutai

"Daktari, huo mkojo haukuwa wangu," Kigen akasema.

Alikuwa amekalia kitanda cha wodi, hapo Nakuru, shati wazi, nyaya za mashine ya moyo zimemng'ang'ania kifuani kama kupe. Daktari Nerima akaacha kuandika. Jerry, afisa wa wafanyikazi wa kiwanda cha mbao kule Elburgon, akaacha kubonyeza simu.

"Sasa ulikuwa wa nani?"

Kigen akaangalia miguu yake. Imevimba, vidole kama viazi. Mtu mzima, mbeba magogo, anaulizwa mkojo ni wa nani na bibi yake amesimama hapo na thamosi ya uji.

"Wa huyu." Alionyesha kwa mdomo. Chemutai akajifunika uso na leso.

Kule kiwandani, siku ya kupimwa, mtu akipatikana na sukari anaambiwa aende apumzike. Kupumzika huko hakuna mshahara, hakuna bima. Kwa hivyo wenye sukari huja na mkojo wa nyumbani, ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, wameibana kwapani isipoe. Wazee wa kanisa, baba za watu, wanapanga laini mkono mmoja umekunjwa kama kuku aliyevunjika bawa. Hakuna anayecheka. Hata msimamizi ako na chupa yake.

"Mzee, siulizi nikuaibishe," daktari akasema. "Karatasi ya kampuni inasema juzi tu figo zilikuwa safi. Damu yako ya leo inasema zimechoka kabisa. Kama zimeharibika ghafla, natafuta kitu kingine. Kama ni sukari ya miaka mingi, basi hata mishipa ya moyo inaweza kuwa imeziba vibaya, na dawa ya kuipigia picha inaweza kumaliza figo zilizobaki. Sukari umekuwa nayo tangu lini?"

Kigen akamwangalia Jerry kwanza.

"Sema tu, baba Kiplimo," Chemutai akanong'ona.

"Miaka kumi na kitu."

"Na kliniki?"

"Kliniki ni siku ya kazi, daktari."

Jerry akakohoa. Kijana wa adabu, alikuwa amekuja na matunda. "Mzee, mimi sina ubaya na wewe. Lakini umesema nikisikia. Bima haitalipia mtu aliyedanganya. Ningekuwa nje, singejua."

"Si ungetoka basi?" Chemutai akauliza.

"Mathe, nilitumwa nikae."

Akainuka, akasimama mlangoni, akapigia ofisi. Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini neno "mkojo" lilisikika mara mbili, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuza shingo. Mmoja akacheka, halafu akajikaza. Baadaye karani wa malipo akaja, akamwita daktari kando.

Kwenye kabati kulikuwa na kikopo cha kupimia mkojo alichopewa Kigen asubuhi. Kigen alikuwa amekijaza mwenyewe, nyuma ya pazia. Povu lilikuwa bado limesimama juu, zito kama la bia. Akakichukua kwa mikono yote miwili, akakiinua kuelekea mlangoni. Kifua, kile kilichomleta hospitali, kilikuwa kimeanza kumbana tena.

"Jerry, mwanangu. Waambie wanipime upya. Huu ni wangu kabisa."

Jerry alikuwa amewapa mgongo, simu sikioni. Daktari alikuwa anamsikiliza karani. Chemutai aliangalia sakafu.

"Huu ni wangu. Nani atauchukua?"